Usiniandike Tena

Kaswera alikuwa mwandishi asiye na ofisi. Meza yake ilikuwa ile ile ya kulia chakula, nyumbani kwao Mudzipela, mjini Bunia, na kila familia ilipotaka kula ilimbidi abebe ordinatere, kompyuta yake, na karatasi zake akazirundike kitandani. Hakuajiriwa na mtu. Aliuza makala yake moja moja kwa yeyote aliyeyataka. Gazeti moja la familia lililotoka kwenye internet tu, na lililoongozwa kutoka Kinshasa, lilimwomba aandike juu ya kulea watoto. Ukurasa wa wasafiri ulimwomba habari za mahali pa zamani: misheni za kale, nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji, migodi iliyoachwa. Na redio moja ya mjini ilisoma makala yake ya malezi kwa Kiswahili kila Jumamosi asubuhi, mtangazaji akiyasindikiza na muziki wa polepole. Kwa sababu hiyo wanawake wa sokoni walimwita Mama Malezi, na wengine walimsimamisha kati ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, wamuulize juu ya mtoto asiyekula au kijana asiyetaka kuoga.

Alikuwa mzaliwa wa Butembo. Wazazi wake walihamia Bunia na biashara yao ya vitambaa alipokuwa msichana, na hapa ndipo alipoolewa na Delphin, mtu wa Djugu, dereva wa lori la kwenda na kurudi Mahagi. Delphin alikuwa nyumbani siku chache kuliko alizokuwa barabarani. Mama yake, Mama Élise, aliishi nao tangu kijiji chake kilipochomwa na watu kutawanyika. Na kulikuwa na watoto wawili: Abigaël, aliyekuwa ameanza septième, darasa la saba, mwaka huo, na Aaron, wa maternelle, shule ya watoto wadogo.

Aaron alipenda kuandikwa. Alijua kwamba mama yake anapocheka akakimbilia mezani, basi yeye ataingia redioni, kwa hiyo mara nyingine alifanya ujinga makusudi kisha akauliza kama ameandikwa. Abigaël hakuwa hivyo. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na tangu akiwa mdogo mama yake aliandika juu yake bila kumuuliza: meno yake ya kwanza, surua yake, alivyogoma kula maharagwe. Kaswera hakuona ubaya. Alisema moyoni kwamba hakuandika jina lake, na kwamba kuna akina mama wengi wanaosaidika.

Kisha akaandika ile ya kitanda.

Miezi michache kabla ya hapo, risasi zililia karibu na mtaa wao, na familia yote ililala chini sakafuni mpaka kulipokucha. Hakuna aliyeumia. Lakini baada ya siku ile Abigaël, msichana mkubwa, alianza kukojoa kitandani. Kaswera alimtunza vizuri, hakumgombeza. Aliosha mashuka mapema kabla Aaron hajaamka, akaanika godoro nyuma ya nyumba na kulifunika kwa kikwembe, kitenge cha buluu chenye tausi wakubwa, ili wapita njia wasione. Polepole hali ikapoa. Naye alipoona imepoa, akaandika kila kitu: hofu, mashuka, godoro nyuma ya nyumba, kikwembe cha tausi, na jinsi mzazi anavyopaswa kunyamaza na kumkumbatia mtoto. Yalikuwa makala mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na yeye mwenyewe alijua.

Redio iliyasoma Jumamosi. Jumatatu Abigaël alirudi kutoka shuleni kabla ya wakati wake. Hakumsalimia mtu. Alivua yunifomu, akaifua, akaianika, kisha akachukua mkeka na blanketi lake akavipeleka chumbani kwa bibi yake.

Kaswera alimfuata mpaka mlangoni. "Abi, kuko nini?"

"Hakuna."

Habari kamili alizipata kwa Mama Élise jioni ile, kwa sauti ya chini, wakiwa jikoni. Msichana mmoja wa darasani, Vanessa, ambaye hupita nyuma ya parsele, kiwanja chao, kila asubuhi, alikuwa ametandika gazeti kuukuu kwenye benchi la Abigaël ili asililoweshe. Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye, kwa kutojua, aliuliza wanacheka nini, na mtu mmoja akamwambia.

Kaswera aliingia chumbani kwa mama mkwe wake. Abigaël alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso kwa ukuta.

"Usiniandike tena," alisema kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Sikutaja jina lako."

"Ulitaja kikwembe."

Kaswera aliona kwamba anazidi kuwa mzigo, akatoka.

Kuanzia siku ile Abigaël alimjibu mama yake kwa neno moja moja. Umekula? Ndiyo. Umesoma? Ndiyo. Shuleni vipi? Sawa. Hakuwa na hasira ya kelele wala hakukataa kazi. Alichota maji, aliosha sahani, alimwogesha Aaron. Ila kila kitu ambacho kingeweza kuwa habari alikificha. Akianguka na kuchubuka goti, alivaa sketi ndefu. Akicheka na bibi yake, Koko, chumbani, mlango ulikuwa umefungwa, na Kaswera akikaribia kicheko kilikatika.

Hapo ndipo utulivu ulipomtoka Kaswera. Alikuwa mtu wa kukaa mezani kwa saa nyingi, lakini sasa kiti kilimchoma. Aliandika sentensi moja, akainuka kuangalia maharagwe jikoni, akarudi, akaifuta. Alifagia uani mahali palipokwisha kufagiwa. Alishika telefone, akaiweka chini, akaishika tena. Kila alipojaribu kuandika juu ya malezi, sentensi ya kwanza ilikuwa na Abigaël ndani yake, na alipomtoa Abigaël hakukubaki kitu ila mashauri makavu ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema.

Na Kinshasa walikuwa wanamngoja. Mama aliyeongoza lile gazeti, Régine, alimpigia simu kwa furaha. Makala ya kitanda yalikuwa yamesomwa kuliko yote ya mwaka ule, wazazi walikuwa wanaandika kutoka Goma, Kisangani mpaka Ulaya, wote wakiuliza msichana anaendeleaje. Régine alitaka mwendelezo. Kaswera alimwambia kwamba anaufanyia kazi. Alipokata simu alijishangaa, maana alikuwa amesema uongo bila hata kusitasita.

Ndipo akageukia mahali pa zamani. Ukurasa wa wasafiri ulikuwa umemwomba habari za kanisa moja la matofali, lililojengwa na mapadri wa kwanza juu ya kilima, ng'ambo ya Iga Barrière, mji mdogo kwenye barabara ya Mahagi. Mawe na matofali hayana aibu, alijiambia. Tena kanisa lenyewe alilifahamu kwa jina kwa miaka mingi, kwa sababu ndimo Mama Élise alimofungia ndoa. Alimwendea siku hiyo hiyo, akamkuta anachambua mchele, akamweleza anachotaka: siku ya harusi ilikuwaje, kanisa lilikuwaje ndani, kengele yake ililia vipi.

Mama Élise aliendelea kuchambua mchele. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye adabu, aliyezoea kumpa mke wa mwanawe kila alichoomba.

"Hapana, mutoto wangu," alisema.

Kaswera alimwahidi kwamba hataandika jina.

"Siye tulitoka kule mbio. Bamoya balibaki njiani, hatukubazika. Sasa weye unataka kuambia batembezi kama kanisa iko muzuri, balete batoto yabo kupiga picha." Aliitikisa sahani ya mchele, akapuliza makapi. "Miye sikatai uandike. Ni kazi yako. Lakini usiandike na kinywa yangu."

Kwa hiyo nyumbani mwake mlikuwa na watu wawili waliomfungia mlango, na walilala chumba kimoja. Kaswera alikaa siku kadhaa na jambo hilo. Delphin alipompigia kutoka Mahagi alimwambia kwamba anafikiri kwenda mwenyewe kulitazama kanisa. Delphin alimwambia angoje. Malori yalikuwa yanasafiri kwa misafara, alisema, na hakuna dereva aliyependa kupita kipande kile peke yake. Akifika atampeleka. Kaswera alikubali, kisha asubuhi iliyofuata, watoto walipokwisha kwenda shuleni, alimpigia Fiston.

Fiston alikuwa taximan wa mtaa wao, mtu mzima mwenye ndevu, baba wa mapacha, ambaye pikipiki yake ilimpeleka Kaswera kila mahali. Hakuipenda safari ile. Alisema atamfikisha Iga Barrière, na kwamba zaidi ya hapo wataamua wakifika. Mama Élise alipouliza anakwenda wapi, Kaswera alisema anakwenda Iga kuonana na mtu.

Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na malori yaliyotoka upande wa Mahagi yaliwapita yakiwa yamesheheni, watu wamekaa juu ya mizigo na kujifunga nguo puani. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile Kaswera alihisi kifua kinafunguka. Kwenye pikipiki mtu hana budi kukaa tu, kazi ya kwenda anaifanya mwingine. Alianza hata kupanga sentensi ya kwanza kichwani: matofali, ukimya, majani yaliyoota mlangoni.

Iga Barrière palikuwa na shughuli zake za kila siku, watu wakiuza mahindi, mikate ya kukaanga, mafuta katika chupa. Lakini kwenye kizuizi malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu, na madereva wamezima injini. Mwanajeshi aliyekuwepo alizungumza na Kaswera na Fiston kwa heshima. Aliuliza mama anakwenda wapi. Kaswera alipotaja kilima, yule mwanajeshi alimtazama Fiston badala ya kumtazama yeye, akasema kumesikika milio ya risasi mbele, hakuna anayepita, na hata kurudi Bunia wangoje kwanza mpaka wapate habari. Kaswera alieleza kwamba yeye ni mwandishi, hana haja ya kukaa, atapiga picha kadhaa tu. Mwanajeshi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia maneno yale yale.

Waliegesha pikipiki chini ya kibaraza cha duka la maharagwe. Kaswera alijaribu kupiga simu nyumbani, lakini simu haikushika, réseau ilikuwa imekatika. Alikaa, akainuka, akaenda mpaka kwenye kizuizi, akarudi. Fiston alimwonyesha kwa kidole kilima kimoja cha mbali, akasema anadhani ni kile. Kulikuwa na kitu cheupe juu yake. Pengine lilikuwa bati la kanisa, pengine jua tu likipiga kwenye mwamba.

Mchana watu walianza kutokea kwa miguu kutoka upande ule uliofungwa. Kwanza wachache, kisha wengi, wakinamama wenye masufuria kichwani, mzee akivuta mbuzi, baba amebeba godoro lililofungwa kwa kamba. Hawakuwa wanalia. Walitembea haraka, wakitazama chini. Kaswera, bila kufikiri, alitoa telefone akaiinua. Katika kioo aliona familia moja, na nyuma ya mama yao msichana wa umri wa Abigaël, mrefu hivyo hivyo, amebeba kuku kwapani. Msichana alimwona. Hakupunguza mwendo. Alivuta tu kitambaa cha kichwani kwa mkono uliobaki, akafunika uso wake wote, akaendelea kutembea hivyo, akiongozwa na mgongo wa mama yake.

Kaswera alishusha telefone. Aliitia mfukoni, akaenda kununua maji, akawapa waliokuwa wanapita mpaka chupa zikaisha, na hatimaye mwanajeshi akawaruhusu warudi.

Walifika Mudzipela jua likizama. Abigaël alikuwa amesimama kwenye lango la parsele, bado na yunifomu ya shule, miguu mitupu. Nyuma yake, kizingitini, Mama Élise alikuwa na rozari mkononi. Fiston alipozima pikipiki, msichana hakusogea.

"Balisema bamepiga risasi taximan na mama moya kwenye barabara ya Iga," alisema. "Shuleni balisema. Nikakuja nyumbani, Koko akasema uko Iga. Nikapiga telefone yako, haikupita. Nikapiga tena. Nilikaa hapa, nikasema ni weye."

"Abi, niko hapa."

"Nilisema ni weye!" Kisha akaendelea polepole, kama mtu anayehesabu maneno. "Ungekufa kule, ungekufa juu ya kanisa yenye Koko alikukatalia. Na miye ungeniacha na ile kitu uliniandika. Nani angekuja kuitosha, kuifuta?"

Mama Élise alimshika Fiston mkono akampeleka upande wa jikoni anywe chai. Kaswera alibaki na binti yake langoni, vumbi la barabara bado usoni. Alimwambia amsamehe. Alisema hakuna sababu ya kujitetea, alipaswa kumuuliza na hakumuuliza, kwa sababu alijua angekataa. Hilo la mwisho alikuwa hajawahi kulisema hata kimoyomoyo. Kisha, kwa kuwa alitaka sana kufanya jambo, alisema Jumamosi ataenda redioni mwenyewe aombe msamaha mbele ya watu wote.

Abigaël alimtazama kana kwamba haamini.

"Ukienda kuomba pole kwa redio, batasikia tena. Na bale habakusikia bataulizana ilikuwa nini."

"Sasa nifanye nini?"

"Unyamaze. Unisikilize, na unyamaze."

Wakaketi kwenye jiwe la kufulia, na Abigaël akasema yote. Alisema ya benchi, ya mwalimu, ya wavulana waliomwita jina fulani, ya jinsi anavyozunguka njia ndefu asipite mbele ya duka ambako redio ya mjini huwashwa siku nzima. Alisema pia kwamba mambo mengine ya zamani hayakumuuma, ya meno na surua, ila sasa anapoyakumbuka yanamuuma nayo. Kaswera alisikiliza. Mara kadhaa alitaka kuinuka. Mara kadhaa ushauri mzuri ulimfika ulimini, ule anaowapa wanawake wa sokoni, akaumeza. Alibana mikono kati ya magoti mpaka giza likaingia na Aaron akaja kusema ana njaa.

Kesho yake alimpigia Régine. Alimwambia mwendelezo hautakuwepo, na kwamba anaomba makala yenyewe yaondolewe. Régine hakufurahi. Alisema yanasaidia watu, na hilo lilikuwa kweli. Alisema pia kwamba yamekwisha kunakiliwa na kurasa nyingine ambazo yeye hana mamlaka nazo, na hilo pia lilikuwa kweli. Mwishoni alikubali kuyaondoa kwake, lakini akasema kama Kaswera hawezi tena kuandika juu ya nyumba yake, basi ni vigumu kuona ataandika nini. Redioni walikuwa wapole zaidi. Waliahidi hawatayarudia, na baada ya majuma machache walipata muuguzi mmoja wa kuzungumza Jumamosi.

Shuleni Kaswera alitaka kwenda kuonana na mkuu. Abigaël alimkataza. Ilibidi angoje tu, na kungoja hakukuwa kazi aliyoijua. Alipika kabla ya wakati. Alishona vifungo ambavyo havikuwa vimelegea. Delphin aliporudi kutoka Mahagi, akasikia habari zote mbili, ya kitanda na ya Iga, alimgombeza kwa ile ya pili na kunyamaza kwa ile ya kwanza, na kimya chake ndicho kilichomuuma Kaswera zaidi. Usingizi wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi watoto walipotoka alisimama langoni mpaka yunifomu ya buluu ipotee kwenye kona, kisha akatembea uani huku na huku, akitunga sentensi na kuziacha.

Siku moja mchana, katika mvua, umeme hakuna, wote walikuwa chumbani kwa Mama Élise wakimenya viazi. Aaron alimuuliza bibi yake kama naye aliwahi kuwa bibi harusi. Mama Élise akaanza kusimulia. Alieleza jinsi padri alivyochelewa kwa sababu pikipiki yake ilizama kwenye tope, watu wakaimba nyimbo zote walizozijua mpaka zikaisha, wakaanza upya. Watoto walicheka. Kisha akaendelea, akaenda mbali, kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi siku ile na yaliyowapata baadaye. Alisimulia mpaka viazi vikaisha. Abigaël alimtupia mama yake jicho mara moja tu. Kaswera alikuwa na kisu mkononi na kiazi kilichokwisha kumenywa, anaendelea kukimenya mpaka kimekuwa kidogo kama yai. Hakuuliza swali. Wala baadaye hakwenda mezani. Yale ya mwisho aliyoyasema Mama Élise, mpaka leo hayajaandikwa popote.

Likizo ilipofika barabara ilikuwa imetulia, na magari yalipita bila misafara. Ukurasa wa wasafiri ulikuwa bado unahitaji makala, na safari hii Kaswera alichagua nyumba za zamani za Nizi, kwenye barabara ile ile, zile za safu moja zilizojengwa kwa ajili ya wakubwa wa migodi ya dhahabu enzi za wakoloni. Alimuuliza Delphin, akasema njia ni salama. Alimwambia Mama Élise anakwenda wapi hasa. Kisha Abigaël, aliyekuwa anasuka nywele uani, akasema bila kugeuka kwamba naye anakuja.

Walikwenda watatu kwenye pikipiki ya Fiston, msichana katikati. Mwendo ulikuwa wa pole kwa sababu ya mashimo, na kwa vile hawakutazamana uso kwa uso, Abigaël aliongea. Alimwambia mama yake kwamba yule Vanessa alikuwa amemjia siku ya mwisho ya shule, nyuma ya vyoo, akamuuliza ile shida iliisha vipi na baada ya muda gani. Alisema anauliza kwa ajili ya mdogo wake.

"Yeye hana mudogo," Abigaël alisema.

Kaswera aliuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia inaisha. Nilimwambia asikunywe maji mingi magaribi, akikaribia kulala, na mama yake asimupigie kelele." Kisha akaongeza: "Vile uliandika."

Upepo ulikuwa unapiga, na Fiston mbele alikuwa anaimba mwenyewe. Kaswera alimshika binti yake kiunoni, kama abiria wa nyuma anavyoshika.

Nyumba za Nizi zilikuwa na baraza ndefu na madirisha marefu yasiyo na vioo. Hazikuwa tupu. Katika ile iliyosimama vizuri kuliko zote alikaa mama mmoja aitwaye Lydie, aliyekimbia kijiji chake na watoto wake, akapata kibali cha mwenye ufunguo. Kaswera alisimama chini ya ngazi, telefone mfukoni, hajui aanzie wapi. Abigaël ndiye aliyepanda.

"Jambo, Mama. Mama yangu anaandika juu ya manyumba ya zamani. Anaweza kuandika hii yako? Ukisema hapana, tutaenda."

Lydie alimtazama msichana, kisha mama yake. Aliuliza ataandika nini.

"Atakusomea kwanza, mbele ya kutuma."

Lydie alifikiri. Alisema wanaweza kuandika baraza, milango na ukuta wa nje. Chumba cha kulala hapana, na watoto hapana. Tena aandike wazi kwamba bati linavuja, maana kila anayekuja kupiga picha anasema nyumba ni nzuri na hakuna anayetazama juu.

Kabla hawajamaliza, mvua ilianza. Ilikuwa mvua nzito, na ndani ya nyumba maji yalishuka sehemu nyingi. Kaswera alijikuta anasukuma masufuria kutoka tone hadi tone, Abigaël anakunja mikeka, Fiston amepanda juu ya meza anaziba tundu kwa mfuko wa plastiki. Walipomaliza walikuwa wamelowa. Lydie aliwapa viazi vitamu vya kuchemsha, wakala wakingoja anga lifunguke. Kaswera alikaa, akainuka kutazama sufuria moja, akakaa, akainuka kuangalia mawingu, akarudi.

Lydie alimuuliza Abigaël kama mama yake yuko hivyo siku zote.

"Kila siku," Abigaël alisema, akacheka, na mama yake alikuwa palepale akisikia.

Makala yalitoka mwezi uliofuata, Lydie akiwa ameyasikia yote kwa telefone na kumfanya Kaswera abadilishe maneno mawili. Hayakusomwa na watu wengi. Ukurasa wa wasafiri uliomba mengine. Abigaël alirudi chumbani kwake wakati wa baridi, akisema Koko anakoroma. Juu ya malezi Kaswera hajaandika tena, ingawa sokoni bado wanamsimamisha, naye anajibu anachojua, mtu mmoja kwa mmoja, kisha anaaga haraka na kuendelea na njia yake.